Mtoto amepata diploma: sasa tumpeleke wapi?

 

Tangu matokeo ya mtihani wa Serikali yatoke, mji wetu umekuwa mweupe. Kuanzia Nguba mpaka Bagira tumeona vijana wamemwagiwa poda kichwani, wamepanda pikipiki watatu watatu, honi zinalia, wamama wanapiga vigelegele barabarani. Ni furaha ya haki. Miaka sita ya sekondari si mchezo, hasa katika nyumba ambamo kila mwezi kulikuwa na swali kama mtoto atafukuzwa kwa sababu ya pesa ya shule. Sisi mwalimu wenu tulimwagiwa poda na wanafunzi wetu vilevile, tukarudi nyumbani kama mtu aliyetoka kwenye mashini ya kusaga mihogo.

Lakini poda huoshwa kesho yake, na swali linabaki: sasa tumpeleke wapi? Juma hili peke yake wamama wengi wametusimamisha njiani kutuuliza hivyo. Kabla ya kuwajibu, inafaa tuwaambie jambo moja linalotuelemea. Kuna mara moja tulijibu haraka, na jibu letu lilikuwa baya.

Ni miaka minne sasa. Mama mmoja wa kundi letu, anayeuza sambaza katika soko la Nyawera, alituletea binti yake wa kwanza. Alikuwa amepata 58 kwa mia. Tulimuuliza binti anapenda nini, akasema sheria, anataka kuwa avoka. Tukamgeukia mama tukasema: "Mtoto huyu ana akili, mpeleke iniversite, usimzuie." Maneno matamu. Hatukumuuliza mama ana pesa ya miaka mingapi. Hatukuuliza pesa hiyo inatoka wapi, na siku ambapo ziwa halitoi samaki itatoka wapi.

Mama alitutii kama watu wanavyomtii mwalimu. Aliuza kipande cha shamba alichoachiwa na marehemu bwana yake kule Kabare. Mwaka wa kwanza binti alipita. Mwaka wa pili mdogo wake aliugua, pesa ikaenda hospitalini, minervali ikabaki nusu, na asiyemaliza kulipa haingii katika mtihani. Binti alirudi nyumbani akisema ni kwa mwaka mmoja tu. Hakurudi tena shuleni. Leo anakaa chini ya mwavuli, anauza unite za simu. Hakuna aibu katika kazi hiyo, na tunamheshimu kwa sababu anakula jasho lake. Lakini shamba la Kabare halipo tena, na mkononi hana karatasi yoyote kuliko ile aliyokuwa nayo siku ya poda.

Mama huyo hajatulaumu hata siku moja. Tukipita sokoni anatupimia sambaza na kutuongezea matabishi. Wamama, sambaza za matabishi zile hazishuki vizuri kooni.

Mwaka huu amekuja tena, na binti wa pili. Huyu amepata 54. Hataki sheria. Anataka kujifunza umeme. Mama alikuwa anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa siri: "Mwalimu, mtoto mwanamke kupanda nguzo? Watu watasema nini?"

Mara hii hatukujibu. Tulimwambia: "Tutembee kwanza." Tukatembea siku tatu, sisi watatu, tukiuliza mlango kwa mlango. Yale tuliyoyaona na yale tuliyoyajua tangu zamani ndiyo tunayowaandikia leo.

Kwanza, tuelewe herufi. Wengi wetu tunasikia A2, A1, A0 na tunatikisa kichwa tu kama watu walioelewa. A2 ni yule aliyesoma kazi katika sekondari na kupata diploma ya Serikali. Kwa mfano, muuguzi A2 ametoka katika shule ya sekondari ya uganga, ile inayoitwa ITM. A1 ni yule aliyeongeza miaka mitatu ya masomo ya juu, tuliyezoea kumwita gradue. A0 ni lisansie, aliyeongeza miwili mingine juu ya hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Serikali imeanza mfumo mpya wa LMD, ambamo lisansi inachukua miaka mitatu. Kwa hiyo msishangae mkisikia mtoto wa jirani amepata lisansi kwa miaka mitatu na wa zamani alisoma mitano. Mmoja hakumdanganya mwingine, hesabu ndiyo iliyobadilika.

Pili, masomo ya juu si iniversite peke yake. Hapa Bukavu tuna bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina. Tuna iniversite zetu, ile ya Serikali, ile ya Wakatoliki iliyoanza 1989, ile ya Waprotestanti na nyingine, nasi tunazishukuru. Lakini pembeni yake tuna vyuo vya kazi, ambavyo wazazi huviweka mahali pa pili kana kwamba ni vya watoto walioshindwa. ISP inatayarisha walimu. ISTM inatayarisha wauguzi, watu wa labo na watu wa afya ya jamii. ISDR inatayarisha watu wa maendeleo ya vijiji, wale wanaojua kuketi na wakulima wa Walungu au Kalehe na kupanga nao kazi. ISC inatayarisha watu wa biashara na hesabu. Huko mtoto anaingia akijua atatoka na kazi gani mkononi.

Angalieni Hospitali ya Panzi. Dunia nzima inaijua kwa sababu ya daktari Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobeli mwaka 2018. Ni fahari yetu. Lakini muulizeni mama yeyote aliyelala huko: usiku nani alikuja kumgeuza kitandani? Nani alimpima damu? Nani alimlaza usingizi kabla ya kisu? Nani alimpokea mtoto wake? Kwa kila daktari mmoja kuna mkono wa watu wengi wasioandikwa magazetini. Watu wale walisoma mahali fulani, na mara nyingi mahali pale ni chuo cha kazi.

Tatu, kuna njia fupi zaidi, na hii ndiyo tuliyoisahau miaka minne iliyopita. Kuna INPP, chuo cha Serikali cha kutayarisha watu kwa kazi, kilichoundwa mwaka 1964. Kipo Kinshasa, kipo katika mikoa, na sisi pia tunacho. Kinapewa nguvu na michango ambayo sheria inawadai wenye makampuni, kwa sababu wao ndio wanaohitaji wafundi. Huko masomo yanahesabiwa kwa miezi: umeme, mekanika ya magari, useremala, ushonaji, informatiki na mengineyo. Anayemaliza na kufaulu anapewa breveti. Kinapokea kijana mwenye diploma, kinapokea mtu mzima asiye na kazi, na kinapokea hata fundi aliyejifunza barabarani anayetaka kuongeza ujuzi wake.

Na kwa wale ambao watoto wao bado wako chini, wanamaliza mwaka wa nane, jueni kwamba mlango wa ufundi unafunguka mapema. Mji wetu una shule ya ufundi ambayo hata jina lake linahubiri: Fundi Maendeleo. Waliotupa jina lile walijua kwamba hakuna maendeleo pasipo fundi.

Mtu asidhani kwamba njia ya namna hii ni ya nchi maskini tu. Marekani yenyewe ina vyuo karibu elfu moja vinavyoitwa vyuo vya jamii. Cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilifungua mlango mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi sita tu. Mtu anasoma karibu na kwao, miaka miwili, anarudi jioni kulala kwa mama yake, kisha anaingia kazini au anaendelea iniversite. Kwa jirani zetu wa Tanzania, Mwalimu Nyerere aliona shule za watu wazima kule Sweden, na tangu 1975 nchi yake ikaanza kujenga Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Leo ni zaidi ya 50. Wanaingia vijana ambao hawakumaliza sekondari, na wasichana waliopata mimba wakaacha shule wanapata huko nafasi ya kurudi. Tungependa wakubwa wetu waende kutazama jambo hilo, kwa sababu wasichana wa namna hiyo tunao katika kila avenyu.

Sasa mtatuuliza: na ninyi mwalimu, mlisoma wapi? Swali ni la haki.

Nyumbani kwetu tulikuwa watoto saba. Baba yetu alikuwa na ng'ombe wawili, na kwa Mushi ng'ombe si nyama, ni heshima. Kaka yetu mkubwa alipopata diploma, ng'ombe wote wawili waliuzwa ili asome sheria iniversite. Alisoma, alimaliza, tulicheza na kula. Zamu yetu ilipofika ng'ombe hakuwapo tena, na wajomba walisema binti angoje mchumba. Mama yetu ndiye aliyekataa. Aliuza mihogo na makala, akatupeleka ISP, kwa sababu ndipo pesa yake ilipofika. Tulilia. Tulidhani tumepewa makombo.

Kumbe huko tulikutana na staje. Anayesomea ualimu ISP hamalizi bila kusimama mbele ya watoto wa kweli. Unaandika karatasi ya matayarisho ya somo, mwalimu mwenye shule anakaa nyuma ya darasa na kalamu nyekundu, na watoto hamsini wanakungoja ukosee. Somo letu la kwanza lilimalizika dakika kumi na tano kabla ya kengele, tukabaki tumesimama tukitoka jasho. Mwisho wa masomo hakuna aliyehitaji kutufundisha tena jinsi ya kuingia darasani. Kaka yetu naye alikuwa anajua vitabu vingi kuliko sisi, na hata leo anajua. Lakini kwa miaka yake yote ya masomo hakuna aliyemwonyesha mlango wa kazi unafunguliwa upande gani. Alizunguka na bahasha chini ya kwapa miaka sita. Leo ana kazi ndogo katika ofisi moja, na ng'ombe wa baba hajarudi.

Hatutaki kuwadanganya. Diploma ya ISP haikutupa utajiri. Tulipoanza kazi tulikuwa wale wanaoitwa "unité mpya", yaani walimu wanaofundisha lakini majina yao hayajaingia katika orodha ya mshahara. Tulifundisha miaka miwili kwa pesa kidogo ya wazazi, na tulirudia nguo moja mpaka wanafunzi wakaijua. Chuo kizuri hakifuti matatizo ya nchi. Kitu kinachofanya ni kukupa kazi ambayo mikono yako inaijua wakati unangoja nchi itengenezeke. Katika miaka ile miwili tulikula kwa sababu jioni tulifundisha watoto wa majirani, na hakuna aliyetuuliza kama jina letu liko katika orodha ya Kinshasa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa Kivu tunalielewa bila kufundishwa. Wanaokumbuka 1996, na wanaokumbuka mwezi wa sita 2004, wanajua kwamba siku ya kukimbia hubebi shamba, hubebi ng'ombe, hubebi hata mlango wa nyumba. Ujuzi unakimbia pamoja nawe. Tumewaona wamama waliofika hapa na mtoto mgongoni tu, na baada ya juma mbili mmoja alikuwa ameazima mashini ya kushona na ameanza kula, kwa sababu ushonaji hakuuacha nyuma.

Basi, kabla ya kutoa pesa, ulizeni maswali haya mlangoni, ulizeni bila haya.

Ulizeni chuo kina ruhusa ya Serikali, na mwombe kuona karatasi. Vibao vinapakwa rangi kila siku mjini. Kibao si ruhusa.

Ulizeni kuona atelye au labo. Sisi tulionyeshwa mahali pamoja chumba cha "mekanika" ambamo hapakuwa na mota hata moja, kulikuwa na picha ya mota ukutani. Tuliaga kwa heshima tukaondoka.

Ulizeni kuhusu staje: wapi, muda gani, na nani anayemtafutia mtoto nafasi. Kama wanasema "atajitafutia", jueni kwamba kazi pia atajitafutia.

Ulizeni bei yote mpaka mwisho. Minervali ni mwanzo. Kuna karatasi, vifaa, nguo ya kazi, usafiri wa staje, kazi ya mwisho wa masomo na kuichapisha. Andikeni yote, jumlisheni, kisha ongezeni kidogo kwa ajili ya ugonjwa, maana ugonjwa hauulizi kama mtoto yuko mwaka wa pili.

Mwisho, watafuteni watu watatu waliotoka huko na muulize leo wanafanya nini. Hao ndio diploma ya chuo chenyewe.

Na ukiona pesa yako inatosha miaka yote ya iniversite, na mtoto ana hamu na nguvu, mpeleke, Mungu awabariki. Nchi inahitaji waganga na mavoka na mainjinia. Hatuandiki ili kumshusha mtoto yeyote. Tunaandika kwa sababu masomo mafupi yaliyomalizika ni bora kuliko masomo marefu yaliyokatika njiani, na kwa sababu aliyeanza na breveti anaweza kufanya kazi, kuweka pesa, na kuendelea na masomo baadaye kwa jasho lake.

Turudi kwa mama wetu wa sambaza. Siku ya tatu tulikaa kwake, tukaweka karatasi mezani. Alihesabu mara mbili. Akarudia swali lake la nguzo na la watu watakaosema. Binti alimjibu kwa upole: "Mama, wakati nyumba za avenyu ya chini zilipoungua, watu walisema nini? Walisema ni nyaya zilizofungwa vibaya. Kisha wakamwita nani? Yule yule aliyezifunga." Mama alinyamaza. Sisi sote hapa tunajua moto wa nyumba za mbao, Kadutu, Panzi na kwingineko, na tunajua jinsi tunavyokaa na delestaji na nyaya zinazoning'inia juu ya vichwa vya watoto. Mto Ruzizi unatoka katika ziwa letu, Ruzizi unatupa umeme, na katika nyumba zetu ni wachache wanaojua kuufunga umeme ule bila kuua mtu. Halafu mama mjane mwenye nyumba, akibaki peke yake mchana, anapenda nani aingie chumbani kutengeneza plagi? Mama alicheka. Akasema: "Basi aende."

Tulipokuwa tunasimama kuaga, binti wa kwanza, yule wa unite, alikuwa mlangoni na mwavuli wake mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akatuuliza, bila kututazama machoni: "Mwalimu, na mtu wa umri wangu wanampokea?"

Tulimwambia ndiyo. Tulimwambia pia tusamehe. Alisema hakuna neno, lakini alisema akitazama chini.

Wamama, ndiyo maana tunawaomba jambo moja kwa mkutano wetu wa siku ya posho. Muso yetu ina sanduku la kijani kwa ajili ya mkopo na sanduku jekundu kwa ajili ya taabu. Mpaka leo sanduku la kijani tunalifungua kwa biashara peke yake: samaki, unga, vitenge. Tunaleta ombi kwamba mkopo utolewe pia kwa mafunzo ya kazi, kwa muda mrefu kidogo, na kwamba kabla ya kutoa pesa wamama wawili waende na mzazi kutazama chuo kwa macho yao. Sisi tutakuwa wa kwanza kutembea. Wenye wasiwasi waje waseme wasiwasi wao, ni pesa yetu sote na ni haki kuilinda.

Binti wawili wa mama mmoja wanangoja jibu letu. Yule mdogo mama yake ataweza kumlipia peke yake, akibana matumizi. Yule mkubwa hana shamba lingine la kuuzwa.

Tukutane siku ya posho, saa ile ile, mahali pale pale. 

Mwalimu wenu